Paka anapohema kwa mdomo wazi: Dalili ambazo wenye paka Unguja hawapaswi kuzipuuza

WAHENGA walisema paka wa nyumba haingwa, na katika kisiwa cha Unguja msemo huo huonekana kwa macho kila siku. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, eneo lililoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, paka hulala juu ya baraza za mawe, hukaa chini ya meza za wauza samaki Darajani na husubiri mabaki ya chakula Forodhani jioni inapoingia.

Baadhi yao hawana mwenyewe maalumu na hulishwa na mtaa mzima. Wengine ni wa nyumba, wana majina na wana mahali pao pa kulala. Kwa jamii ya Zanzibar, ambayo wengi wake ni Waislamu, paka ni mnyama anayeruhusiwa kuingia ndani, kukaa mkekani na kuzunguka miguuni mwa watu wakati wa chakula.

Pamoja na ukaribu huo, liko tatizo moja la kiafya ambalo wenye paka wengi hulitambua likiwa limeshafika mbali, nalo ni shida ya kupumua. Paka mwenye shida hiyo mara nyingi halii wala haombi msaada. Hujitenga, huingia chini ya kitanda au nyuma ya kabati na kukaa kimya. Mwenye nyumba hudhani amechoshwa na joto la kaskazi. Kesho yake akikutwa amekufa, watu husema jirani amemlisha sumu.

Ukweli ni kwamba, katika matukio mengi ya aina hiyo, dalili huwa zilikuwapo siku kadhaa kabla. Zilihitaji mtu anayejua pa kutazama.

Kwa nini paka huficha ugonjwa

Paka ni mwindaji mdogo, na porini yeye mwenyewe huwindwa na wanyama wakubwa. Kwa sababu hiyo ana tabia ya asili ya kutoonyesha udhaifu. Anapopungukiwa na hewa hupunguza kwanza matembezi. Huacha kupanda juu ya ukuta, huacha kucheza na huongeza saa za kulala. Kwa kuwa paka mzima naye hulala sehemu kubwa ya siku, mabadiliko hayo hupita bila kugunduliwa.

Kwa njia hiyo mwili wake huendelea kumudu hata mapafu yanapokuwa yamepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Siku akiba hiyo inapokwisha, hali hubadilika ndani ya saa chache tu, na hapo ndipo watu husema paka ameugua ghafla.

Hesabu ya pumzi akiwa usingizini

Njia rahisi na ya uhakika zaidi ya kugundua tatizo mapema haihitaji kifaa chochote isipokuwa saa. Ni kuhesabu pumzi za paka akiwa amelala usingizi.

Mwenye paka hutazama ubavu wa mnyama huyo akiwa mbali kidogo, bila kumgusa. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Huhesabu kwa sekunde 30 kisha huzidisha mara mbili, au huhesabu dakika nzima ili kupata idadi sahihi.

Paka mwenye afya, akiwa usingizini, kwa kawaida huvuta pumzi zisizofika 30 kwa dakika. Idadi ikizidi 30, hesabu irudiwe baada ya muda mfupi. Ikibaki juu ya 30 kila inapohesabiwa, paka huyo anatakiwa kuonwa na daktari wa mifugo hata kama bado anakula. Ikizidi 40 akiwa ametulia, hilo si jambo la kusubiri kesho.

Yapo mambo ya kuzingatia ili hesabu isipotoshe. Paka asihesabiwe mara tu baada ya kutoka juani au kukimbia. Asihesabiwe pia anapokoroma kwa raha, kwa kuwa mtetemo wa sauti hiyo huchanganya macho. Aidha, paka anayeota huweza kupumua harakaharaka kwa muda, hivyo ni vyema kusubiri mpaka atulie.

Inashauriwa hesabu hiyo ifanywe mara chache kwa wiki wakati paka akiwa mzima na iandikwe mahali. Mwenye kujua kwamba paka wake huvuta pumzi 20 kila usiku ataona mara moja siku zitakapofika 34. Asiyejua idadi ya kawaida hana cha kulinganisha.

Mdomo wazi ni hatari

Watu wengi wamezoea kumwona mbwa akitweta huku ulimi ukining'inia, wakadhani paka naye hufanya hivyo ili kujipoza. Kwa paka mambo ni tofauti. Yeye hupumua kwa pua, na anapofungua mdomo ili apate hewa huwa njia ya kawaida imeshindwa kumtosheleza.

Kitoto cha paka kilichocheza sana, au paka mkubwa aliyetiwa hofu ndani ya gari lenye joto, anaweza kuhema kwa mdomo kwa dakika chache kisha akatulia. Akiendelea baada ya kupumzishwa mahali penye ubaridi, au akihema hivyo bila sababu yoyote, hiyo ni dharura.

Lipo jambo moja linalofanana na hilo lakini halina madhara. Paka anaponusa mkojo wa paka mwingine, husimama, hukunja pua na kuacha mdomo wazi kwa sekunde chache kama aliyeduwaa. Hiyo ni namna yake ya kuchunguza harufu na haihusiani na ugonjwa.

Mkao, tumbo na rangi ya fizi

Paka aliyebanwa na pumzi hukataa kulala ubavu. Hukaa amejikunyata kifudifudi, viwiko vya miguu ya mbele vimetanuliwa na shingo imenyooshwa mbele, ili kifua kipate nafasi. Matundu ya pua hutanuka kila anapovuta hewa.

Dalili nyingine iko tumboni. Katika upumuaji wa kawaida tumbo husogea kidogo tu. Kwa mgonjwa, tumbo hufanya kazi kubwa inayoonekana hata kutoka upande wa pili wa chumba. Hali huwa mbaya zaidi kifua na tumbo vinapopingana, kimoja kikiingia ndani wakati kingine kinatoka nje.

Fizi na ulimi navyo hutoa habari. Rangi ya kawaida ni waridi. Zikiwa nyeupe, huenda mnyama amepungukiwa na damu. Zikigeuka buluu au kijivu, hewa safi haimfikii ya kutosha. Baadhi ya paka wana fizi nyeusi za kuzaliwa, hivyo kwao hutazamwa ulimi. Ikumbukwe kuwa kusubiri rangi ya buluu ni kuchelewa, kwani hujitokeza mwishoni.

Sauti pia husaidia kutambua mahali penye tatizo. Mkoromo wakati wa kuvuta hewa ndani huelekeza puani au kooni. Sauti nyembamba mfano wa mluzi wakati wa kutoa pumzi huelekeza kwenye mirija ya mapafu. Pumzi fupifupi za haraka zisizo na sauti yoyote huashiria kwamba huenda kuna maji, usaha au hewa iliyojikusanya nje ya mapafu, ndani ya kifua.

Mafua, pumu na donge la manyoya

Ugonjwa wa njia ya hewa unaoonekana zaidi kwa paka wanaoishi kwa wingi mahali pamoja ni mafua ya paka. Husababishwa hasa na aina mbili za virusi, herpesi ya paka na kalisi, wakati mwingine vikisaidiwa na bakteria. Mgonjwa hupiga chafya, hutoka makamasi na machozi mazito, na wengine hupata vidonda ulimini. Virusi hivyo havimwambukizi binadamu.

Paka mkubwa mwenye nguvu hupona mara nyingi. Watoto wa paka ndio huathirika zaidi, kwa sababu pua ikiziba hawanusi chakula, na wasiponusa hawali. Virusi vya herpesi hubaki mwilini maisha yote na huweza kuamka paka anapopata msukosuko, kama vile kuhamishwa nyumba au kuletewa paka mgeni.

Ugonjwa unaokosewa zaidi ni pumu. Inakadiriwa kuwa kati ya paka 100, mmoja hadi watano wana pumu. Mgonjwa hujikunyata, hunyoosha shingo na kukohoa mfululizo, kisha humeza mate na kuendelea na shughuli zake. Mwenye paka humwona akafikiri anajaribu kutapika donge la manyoya.

Tofauti ni kwamba paka mwenye donge la manyoya hatimaye hulitoa. Anayerudia kikohozi kile kile wiki baada ya wiki bila kutapika chochote anahitaji kuchunguzwa mirija ya hewa. Pumu haiponi kabisa, lakini hudhibitiwa kwa dawa za kupunguza uvimbe wa mirija, za kumeza au za kuvuta kupitia kifaa maalumu chenye kibarakoa kidogo.

Katika nyumba za Unguja, moshi ni jambo la kutazamwa kwa makini. Udi na ubani unaofukizwa chetezoni, dawa ya mbu ya kuchoma, moshi wa mkaa na wa sigara, pamoja na vumbi la chokaa nyumba kongwe zinapokarabatiwa, vyote huweza kuchokoza mapafu ya paka mwenye pumu. Si lazima nyumba iache kufukiza udi. Inatosha paka atolewe chumbani humo, dirisha lifunguliwe, na arudi hewa ikishasafika.

Konokono, mjusi kafiri na minyoo ya mapafu

Baadhi ya paka wanaokohoa hawana pumu bali wana minyoo ya mapafu. Minyoo hiyo midogo huanza safari yake ndani ya konokono. Panya, ndege, vyura na mijusi hula konokono hao, kisha paka hula panya au mjusi, na minyoo huhamia mapafuni mwake.

Konokono mkubwa wa nchi kavu, ambaye asili yake ni Afrika Mashariki na ambaye hujitokeza kwa wingi bustanini wakati wa masika, ni mmoja wa wanaoweza kubeba minyoo hiyo. Nchini Brazil, alikopelekwa na binadamu, amepatikana akiwa nayo. Kwa hiyo paka anayewinda panya na mjusi kafiri kila usiku, akianza kukohoa, daktari anapaswa kuelezwa habari hiyo, kwa kuwa si kila dawa ya minyoo ya tumbo huua minyoo ya mapafu.

Kwa watoto wa paka, viroboto nao wasidharauliwe. Wakiwa wengi hunyonya damu kiasi cha kumfanya mtoto wa paka apumue harakaharaka huku fizi zikiwa nyeupe. Mapafu yake ni mazima, ila damu ya kusafirisha hewa haitoshi.

Roshani, ukuta na bodaboda

Nyumba za Mji Mkongwe zina ghorofa mbili, tatu na hata zaidi, zikiwa na roshani na mapaa yanayokaribiana. Paka huruka kutoka paa hadi paa, na wakati mwingine hukosea. Imani iliyoenea kwamba paka ana roho saba na huangukia miguu huwafanya watu wasimchunguze aliyeanguka.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1987, uliohusu paka 132 walioanguka kutoka majengo ya New York nchini Marekani, ulionyesha kuwa takriban 9 kati ya 10 walikuwa wameumia kifuani. Wengi walikuwa na mapafu yaliyochubuka au hewa iliyovujia ndani ya kifua. Utafiti huo huo ulionyesha pia kuwa takriban 9 kati ya 10 ya waliotibiwa walipona.

Mafunzo ya utafiti huo ni mawili. Kwanza, paka aliyeanguka au kugongwa na bodaboda anaweza kusimama na kutembea huku akiwa na jeraha kubwa ndani. Pili, akifikishwa kwa daktari ana nafasi nzuri ya kuishi. Anatakiwa kutazamwa upumuaji wake kwa saa 24 hata kama hana damu wala mfupa uliovunjika. Wengine huchanika msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na matumbo yakapanda kifuani kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Paka wa mitaa ya sokoni na wa diko la Malindi wana hatari yao ya ziada, ambayo ni mwiba wa samaki, ndoana au mshipi wa kuvulia. Paka aliyekwama kitu kooni hutoka mate na kujikwangua mdomo kwa mguu. Uzi au mshipi unaoonekana ukitoka mdomoni usivutwe, kwani huenda umenasa ndani na ukachana utumbo au koo.

Moyo na maji ya kifuani

Maradhi ya moyo ni sababu kubwa ya paka kubanwa na pumzi bila kukohoa. Uchunguzi uliofanywa Uingereza kwa paka 780 walioonekana wazima, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015, ulikuta karibu 15 kati ya kila 100 wana moyo ulionenepa kuta. Wengi wao huishi bila tatizo, lakini kwa wachache moyo hushindwa na maji kujaa mapafuni au kifuani. Kwa paka wa namna hii, hesabu ya pumzi za usingizini ndiyo hutangulia dalili nyingine zote.

Paka madume wanaopigana usiku huumana. Bakteria wa mdomoni wanaweza kufika kifuani na kujaza usaha. Mnyama huyo huwa na homa, hukonda na hupumua kwa pumzi fupi. Ukali wa tatizo hilo haulingani na udogo wa kidonda cha nje, ambacho huenda kilishapona wakati huo.

Upo pia ugonjwa unaotokana na virusi vya korona vya paka, ambao hujaza maji tumboni au kifuani. Cyprus, kisiwa kingine chenye paka wengi wa mitaani, kilikumbwa na mlipuko wake mwaka 2023 kutokana na aina mpya ya virusi hivyo. Mwezi Agosti mwaka huo serikali ya huko iliruhusu dawa zilizokuwa zimewekwa akiba kwa ajili ya wagonjwa wa Covid-19 zitumike kutibu paka. Ugonjwa huo wa paka haumwambukizi binadamu.

Panado na mafuta ya karafuu

Katika jitihada za kumsaidia mnyama wao, baadhi ya watu humpa dawa wanazotumia wenyewe. Hapo ndipo maradhi yanayotibika hugeuka kifo.

Dawa ya paracetamol, ambayo wengi huijua kwa jina la Panado, ni sumu kali kwa paka. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja, na matokeo yake damu hushindwa kubeba hewa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa. Ndani ya saa chache fizi hugeuka rangi ya kahawia au buluu, uso na miguu huvimba na mnyama huhangaika kutafuta pumzi.

Kwa sababu hiyo hiyo ya ini, mafuta ya karafuu, ambayo kwa Mzanzibari ni dawa ya karibu mno, hayafai kupakwa puani, kifuani wala manyoyani mwa paka. Paka hujilamba, na kinachopakwa juu ya ngozi huishia tumboni. Mafuta ya mkaratusi na dawa za kuchua zenye kafuri nazo ni hivyo hivyo.

Kumnywesha kwa nguvu maziwa, asali au mafuta ya nazi ni kosa lingine. Mnyama anayehangaika kuvuta hewa hawezi kumeza vizuri, na kile kinachomiminwa mdomoni huingia mapafuni.

La kufanya shida inapotokea

Jambo la kwanza ni utulivu. Hofu humwongezea paka haja ya hewa ambayo hana. Watoto waondolewe, redio izimwe, na paka aachwe akae kwa mkao aliouchagua mwenyewe, mahali penye kivuli na hewa. Asilazwe chali wala kubanwa kifuani, na asioshwe kwa maji baridi.

Daktari wa mifugo apigiwe simu kabla ya safari, ili ajiandae na aeleze kama yupo. Huduma za mifugo visiwani, kama ilivyo sehemu nyingi za Afrika Mashariki, zilijengwa kwanza kwa ajili ya ng'ombe, mbuzi na kuku, na si kila mtaalamu ana vifaa vya kumhudumia paka usiku wa manane. Namba ya simu ya daktari hutafutwa paka akiwa mzima, ikahifadhiwa pamoja na jina la mtu wa pili wa kumwendea.

Paka asibebwe ndani ya gunia au mfuko wa plastiki, njia inayotumiwa na wengi. Kikapu cha ukili chenye kifuniko au boksi gumu lililotobolewa matundu mengi linafaa zaidi. Kanga nyepesi hutupwa juu ili asione pilikapilika za njiani, huku upande mmoja ukiachwa wazi kwa hewa.

Kwa wakazi wa vichochoroni ambako gari haliingii, kikapu hubebwa kwa mikono miwili, kikiwa kimelala sawa, mpaka barabarani. Kwa wakazi wa mbali kama Nungwi au Makunduchi, ni busara kuondoka dalili zinapoanza, kwa kuwa paka aliyefikia kuhema kwa mdomo huenda asistahimili mwendo wa saa nzima katika joto.

Daktari naye akimpokea paka wa namna hiyo hatakiwi kuharakia vipimo. Kwanza mgonjwa hupumzishwa na kupewa oksijeni ikiwapo. Kama kifua kimejaa maji au hewa, sindano na bomba lake vinatosha kuviondoa, na unafuu huonekana ndani ya dakika chache. Picha ya eksirei hufuata baadaye. Kwa maana hiyo, paka wengi wanaweza kuokolewa hata pasipo na mitambo ya gharama, ilimradi wafike mapema.

Mwenye paka amsaidie daktari kwa kumweleza idadi ya pumzi, siku dalili zilipoanza, kama paka aliwahi kuanguka au kupigana, na kila dawa aliyopewa nyumbani. Asione haya kutaja Panado. Matibabu ya sumu hiyo yapo, ila hutegemea kujulikana mapema.

Kinga nyumbani

Chanjo ya pamoja dhidi ya mafua ya paka na ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa paka huanza kutolewa paka akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Haizuii maambukizi yote, lakini hupunguza sana ukali wa ugonjwa.

Kuhasi madume hupunguza mapigano na kwa hiyo hupunguza usaha wa kifuani. Wavu madirishani na kwenye roshani huzuia maporomoko. Dawa ya viroboto iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya paka, kwani baadhi ya dawa za mbwa humuua.

Paka wenye pua bapa, kama paka wa Kiajemi ambao katika nchi za Ghuba huitwa Shirazi, wanahitaji uangalizi wa ziada. Njia zao za hewa ni nyembamba tangu kuzaliwa, na miezi ya joto la kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huwalemea kuliko paka wa kawaida wa pwani. Wasifungiwe chumba kisicho na upepo wala kuachwa garini hata kwa dakika chache.

Unene nao hubana kifua. Paka wa Mji Mkongwe anayelishwa na nyumba tatu, kila moja ikidhani ndiyo pekee inayomlisha, hunenepa bila mtu kufahamu. Majirani wakizungumza, jambo hilo humalizika bila gharama.

Kwa paka wa mtaani asiye na mwenyewe, hakuna atakayemhesabia pumzi usiku. Hata hivyo, muuza samaki anayemtupia matumbo kila asubuhi humjua kuliko mtu mwingine yeyote. Siku paka huyo asipotokea, au akija na kukaa mbali shingo imenyooka na mdomo wazi wakati wenzake wanagombania chakula, huyo ndiye wa kupigiwa simu daktari.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa paka wa nyumbani, ufa huo huonekana mapema kwa anayeketi karibu naye usiku, saa mkononi, na kuhesabu kwa dakika moja.